Kuona na Kuonea

Watoto wa darasa la sita waliniita Mwalimu wa Mlangoni. Nililisikia jina hilo mara ya kwanza mwaka 2014, wakati wa mapumziko, likitokea nyuma ya tangi la maji, nikadhani wanamsema mwenzangu mmoja aliyependa kusimama mlangoni kusubiri kengele. Baada ya wiki mwalimu mkuu aliniita ofisini, akarudisha mlango, akaniambia mzazi mmoja amekuja kulalamika. Binti yake ananyoosha mkono kila siku na mimi simchagui. Nawachagua waliokaa upande wa mlango tu. Wa dirishani nawaona kama hawapo.

Nawaona kama hawapo. Laiti mzazi yule angejua alivyolenga.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka 56, nimesimama mbele ya ubao tangu 1980, na hakuna aliyewahi kuniambia nina upendeleo. Kesho yake niliingia darasani na kiburi changu, nikauliza swali la sehemu, nikageuza kichwa kabisa upande wa dirisha, ambao kwangu ulikuwa kushoto. Yule binti alikuwa ameinua mkono, na kiwiko amekishikilia kwa mkono wa pili, kama mtu anavyotegemeza tawi la mwembe lililoelemewa. Mkono ule ulikuwa juu tangu zamani. Niliporudisha uso katikati ya darasa, binti akatoweka. Hakufunikwa na giza wala ukungu. Ukuta ulikuwepo, dirisha lilikuwepo, mwanga wa asubuhi ulikuwepo, kila kitu mahali pake. Yeye tu ndiye hakuwepo.

Nilimchagua, akajibu vizuri, nikajiambia ni uchovu.

Nasimulia haya nikiwa na miaka 67, nyumbani kwangu Chidya, mahali ambapo wageni wengi wanapajua kwa sababu ya shule kongwe ya misheni ya UMCA, na sisi wenyeji tunapajua kwa mikorosho na kwa maji ya taabu. Mikorosho ndiyo niliyoilaumu kwanza. Kuanzia Juni hadi Agosti tunapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, na unga ule wa njano hauna adabu: unaingia puani, shingoni, machoni. Kila msimu macho yangu yaliwasha na kuwa mekundu, kwa hiyo kila nilipojigonga kwenye kizingiti au kupiga kikombe cha chai kwa mkono, jibu lilikuwa tayari: salfa. Nilinunua dawa ya macho duka la dawa, nikatia, wekundu ukaisha, nikamsifu muuzaji. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba baadhi ya dawa za namna ile, zenye steroidi ndani yake, zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa zinaweza zenyewe kupandisha presha ya jicho. Nilizitumia misimu miwili.

Wala sikukaa bila kwenda kupimwa. Nilikwenda, na nikasoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini kabisa. Aliyenipima alicheka akasema, "Mwalimu, una macho ya kijana." Akanishauri miwani ya kusomea, nikainunua. Nilikuwa naweza kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa naweza kusoma Nipashe kwa taa ya sola. Mtu anayetunga uzi atamwambiaje mkewe kwamba anapofuka?

Julai 2016 nilikuwa navuka barabara mjini Masasi, nimetazama kulia, nimetazama kushoto, nimetazama tena kulia kama tunavyowafundisha watoto. Bodaboda ilitokea kushoto, hewani, kana kwamba ardhi imeizaa. Kijana alikwepa, akaanguka, akainuka na goti linatoka damu. "Mzee, huoni?" Aliuliza kwa ukali, kisha aliponitazama vizuri akauliza tena kwa sauti nyingine. Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Mtoto wa dada yangu, niliyekuwa naye siku ile, hakunirudisha nyumbani. Alinipandisha basi la kwenda Ndanda.

Ndanda wamisionari Wabenedikto walifika 1906, na hospitali yao watu wa kusini tunaitaja kama watu wengine wanavyoitaja Muhimbili. Pale nilitiwa tone la ganzi, nikaambiwa niweke kidevu kwenye mashine, ukaja mwanga wa buluu karibu na jicho hadi nikadhani utaligusa. Liliguswa kweli, ila sikusikia kitu. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa 38, ya la kulia 31. Nikauliza kwa kawaida ni ngapi. Kati ya 10 na 21, nikajibiwa. Kisha mtaalamu akachungulia ndani ya jicho kwa taa yake, muda mrefu, bila kusema neno. Mimi nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi. Ninajua kimya cha mtu anayetafuta mahali pa kumpa mtoto alama na hapaoni.

"Mwalimu," aliniambia alipovuta kiti, "jicho lako halina ugonjwa wa kuona. Kioo chake ni safi. Kinachokufa ni njia ya kwenda ubongoni."

Nimemshukuru mtu yule kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa nusu saa iliyofuata. Foleni ilikuwa ndefu na angeweza kuniandikia dawa na kuniaga. Badala yake aligeuza karatasi ya kliniki akaanza kuchora, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Chuo cha Ualimu, nikawa mwanafunzi.

Ndani ya jicho, alisema, kuna maji. Si machozi, machozi yako nje. Haya ya ndani hutengenezwa mchana na usiku nyuma ya ile duara yenye rangi, yakalisha jicho, yakatoka kupitia kichujio chembamba kilicho pembeni. Kwa watu wengine kichujio huziba polepole, bila maumivu, na maji yakizidi mlango, jicho hujaa kama mpira uliopigwa pampu kupita kiasi. Hadi hapo nilimwelewa. Nilichokuwa sikijui ni mahali mpira ule unapoumia.

Nyuma ya jicho, kwenye utando unaopokea mwanga, zimepangwa seli za neva ziitwazo ganglioni, milioni moja na ushee katika kila jicho. Kila seli imetoa uzi mmoja. Nyuzi zote hizo hukusanyika mahali pamoja, zikapinda, zikapenya kwenye chekecheke dogo ukutani mwa jicho, zikatoka nje zikiwa kamba moja isiyozidi unene wa mrija wa kalamu ya wino. Presha ikipanda, chekecheke hupinda na kusukumwa nyuma, na nyuzi zinazopita kwenye matundu yake hubanwa. Uzi wa neva si waya mkavu. Ndani yake kuna safari ya kwenda na kurudi: ujumbe unakwenda ubongoni, na chakula cha kuihuisha seli kinatoka huko ubongoni kurudi jichoni. Ukibanwa shingoni, chakula hakifiki. Seli husubiri kwa muda, halafu hujizima yenyewe, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga duka.

"Zako za kushoto zimefunga duka nyingi," alisema. Kwenye mchoro wake mahali nyuzi zinapotokea pana kishimo, nao wanakiita kikombe. Kwa mtu mzima mwenye afya kikombe ni kidogo na kimezungukwa na ukingo mnene wa nyuzi zilizo hai. Changu cha kushoto kilikuwa kimekula karibu ukingo wote.

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikaa rohoni tangu siku ile ya darasa la sita. Kama nyuzi zimekufa, mbona sioni pengo? Mbona pale alipokuwa yule binti niliona ukuta na dirisha?

Akaweka kalamu chini, akagusa kisogo chake.

"Kwa sababu huonei jichoni. Unaonea hapa."

Zile kamba mbili, ya jicho la kulia na la kushoto, hukutana nyuma ya pua, na karibu nusu ya nyuzi hubadilishana upande. Nyingi huishia kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo, chenye matabaka sita ya seli, na kutoka pale seli nyingine hupokea kijiti na kukikimbiza hadi kisogoni. Huko kisogoni ndiko picha inakoungwa. Na kisogo, alisema, hakipendi pengo. Kisipoletewa habari za sehemu fulani, huazima za jirani kikashona kiraka: ukuta kwa ukuta, majani kwa majani, lami kwa lami. Jicho moja likikosa, hudoea kwa lenzake. Ndiyo maana robo hadi theluthi ya seli zile zinaweza kufa kabla hata mashine ya kupima haijagundua kasoro, sembuse mwenye jicho. Mimi jicho la kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote, na la kulia lilikuwa limeanza kupoteza upande wa puani, kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Upande wa pua wa jicho la kulia ni upi? Kushoto. Basi kushoto kwangu kote kulikuwa viraka, kazi ya fundi hodari asiyetoa risiti.

Nilimwambia sisi Chidya tunamjua mtu wa namna hiyo. Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kufika Newala. Nikamwambia mara nyingi. Akasema, basi fikiria bomba la Makonde. Maji yanatoka bondeni Mitema, yanasukumwa hadi juu uwandani, huko juu kuna matangi, vituo, bustani, watu. Bomba likipasuka bondeni, siku ya kwanza huko juu hawajui; wana maji ya kwenye tangi. Lakini yakikaa miezi bila kuja, bustani ya juu inakufa ingawa huko juu hakuna kilichopasuka. Ubongo nao ndivyo. Daktari Yeni Yücel na Neeru Gupta wa Toronto, Kanada, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2006 walichokikuta kwenye ubongo wa marehemu aliyekuwa na glakoma, ugonjwa huu wangu: kile kituo cha katikati kimesinyaa, seli zake zimenywea, na athari imefika hadi kisogoni. Ugonjwa tuliouita wa jicho ulikuwa umepanda bomba lote.

Nikauliza, je, mkorosho ukiukata unachipua. Hizi nyuzi zitachipua?

"Hapana, Mwalimu. Zilizokufa zimekufa. Tunazipigania zilizobaki."

Kisha akainamia fomu, akauliza swali la mwisho kwa sauti ya mtu anayejaza fomu tu. "Kwenu kuna aliyepofuka?"

Hapo ndipo kalamu yake ilipogusa kaburi.

Baba yangu alipofuka akiwa na miaka 50. Hakuwa mtu wa kukimbilia waganga. Ujanani alijikata mguu kwa shoka akabebwa hadi Lulindi, akashonwa na Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1935, yule yule ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii. Baba aliringia kovu lile maisha yake yote. Kwa hiyo macho yalipoanza, alikwenda hospitali, si mara moja. Alitazamwa, akaambiwa hana mtoto wa jicho, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Kilichobaki hakikuelezwa, au kilielezwa na sisi hatukusikia. Mwaka 1978 akawa anaongozwa kwa fimbo.

Mtu anayeona sindano leo na mwakani hauoni mlango, na hospitali haikuti kitu jichoni: watu wa kwetu wangesema nini? Na kwetu, Wamakua na Wayao na Wamakonde, urithi kwa desturi ulipita upande wa mama. Mrithi wa baba hakuwa mimi. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa shangazi yangu, kijana mchapakazi aliyekuja kuishi karibu ili amsaidie mjomba wake kupalilia mikorosho. Ndiye aliyemshika mkono kwenda kanisani. Ndiye aliyejua mikorosho ipi inazaa. Ikasemwa, kwanza kwenye pombe ya uraka, halafu mchana kweupe: nani anafaidi mzee akipofuka?

Sikusema mimi. Lakini nilikuwa na miaka 21, nimetoka kusoma, baraza la ukoo lilinigeukia likaniuliza mimi msomi naonaje. Nikanyamaza. Mwaka 1979 mpwa yule alifunga mkeka wake na sufuria mbili, akaondoka kuelekea Nachingwea. Baba alikufa 1984 akiamini kwamba mtoto wa dada yake ndiye aliyemfunga macho, na mikorosho ikabaki kwetu.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja, kuona na kuonea. Usiku ule, kwenye kitanda cha nyumba ya wageni Ndanda, na dawa ya kwanza inanichoma jichoni, niliyalalia yote mawili. Hatukuona, tukamwonea. Palipokuwa na pengo tuliweka kiraka cha karibu, na kiraka kilikuwa mtu.

Yaliyofuata yalikuwa marefu lakini nitayapita haraka, maana hospitali zinafanana. Nilipelekwa Dar es Salaam. Huko niliingizwa uso ndani ya bakuli jeupe, nikapewa kitufe, nikaambiwa nibonyeze kila nikiona kinukta cha mwanga. Nilibonyeza kwa bidii ya mtahiniwa. Matokeo yalipochapishwa, karatasi ya kushoto ilikuwa nyeusi tupu isipokuwa kipande chembamba pembeni, kama mwezi mwandamo. Novemba nilipasuliwa jicho la kulia. Wanatoboa kilango kidogo chini ya kope la juu ili maji yapate pa kutokea. Nilielezwa mara tatu kwamba upasuaji hautanirudishia chochote, na mara tatu niliitikia, na bado bandeji ilipofunguliwa nilitafuta upande wa dirisha. Ndugu zangu waliochanga nauli nao walitafuta usoni mwangu. Kuchangiwa fedha ya operesheni kisha kurudi unaona kama ulivyoondoka, au kwa wiki za mwanzo vibaya zaidi, si jambo rahisi kulieleza kwenye kikao cha ukoo. Presha ilikuwa imeshuka hadi 12. Nani anachinja kuku kwa sababu ya 12?

Kulikuwa na miezi mibaya. Usingizi uliniruka, nilikuja kujifunza kwamba baadhi ya zile seli kazi yake si picha bali kuuambia ubongo sasa ni mchana, sasa ni usiku, na zenyewe pia hufa. Niliacha kuendesha baiskeli. Niliacha kusoma somo kanisani, kwa sababu ya ngazi tatu za kushuka kutoka mbele, ambazo kwangu zilikuwa sakafu tambarare. Msimu mmoja malipo ya korosho yalichelewa na tone likakatika wiki tano. Mwenye njaa hujua kwamba ana njaa. Mimi sikusikia chochote, na ndicho kilichonitisha, kwa kuwa nilishajua sasa kwamba kutosikia si habari njema. Mke wangu aliuza mbuzi. Tangu hapo chupa ya dawa ndiyo inayonunuliwa kwanza, chumvi baadaye.

Nilijifunza pia kutia dawa. Mnaweza kucheka, lakini nilikuwa naimwaga. Unavuta kope la chini, unadondosha tone moja. Jicho halina nafasi ya mawili, la pili ni la shati. Kisha unafumba na kubana pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isiteremke kooni na kuingia mwilini. Hili la kuingia mwilini lingeweza kutuletea msiba. Niliambiwa ndugu wa tumbo moja wapimwe wote, maana ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Kati yetu wanne tuliokuwa hai, dada yangu mdogo alikutwa nao. Kabla hajapewa dawa yake nilikuwa tayari nimemkatia chupa yangu ya timololi, kwa upendo. Dada yangu ana pumu. Timololi, tone lile lile dogo, inaweza kumbana mwenye pumu kifua hadi akose pumzi. Muuguzi aliichukua chupa mkononi mwake kabla haijafunguliwa, akanitazama bila kusema kitu. Nilistahili maneno.

Yeye hutumia ya usiku, latanoprosti, ambayo kabla ya kufunguliwa hutaka jokofu. Hatuna jokofu. Kwa hiyo ananunua moja tu, anaifungua siku hiyo hiyo, na kuiweka kivulini kando ya mtungi wa maji, ikae wiki zake sita. Kuna njia nyingine: mwaka 2021 wataalamu wa KCMC Moshi na wenzao walitangaza kwamba kwa wagonjwa 201 waliowafuatilia, mwanga wa leza uliopigwa kwenye kile kichujio ulifaulu baada ya mwaka mmoja katika macho 61 kwa kila mia, na timololi katika 31. Dada alipoambiwa alifurahi sana, halafu akauliza Moshi ni nauli kiasi gani kutoka Masasi. Tukaendelea na mtungi.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, nilidhani ni balaa la ukoo wetu. Kumbe watafiti waliowahi kupima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi huko Kongwa, Dodoma, na kutoa matokeo mwaka 2000, walikuta glakoma kwa watu wapatao wanne katika kila mia. Kongwa watu wanaijua kwa ugonjwa wa vikope. Hakuna aliyekuwa amelogwa wilaya nzima.

Nimechelewesha sehemu hii kwa makusudi, kama nilivyoichelewesha maishani. Tangu 2016 nilijua kwamba mtoto wa shangazi hakuwa na hatia. Nachingwea si mbali. Kuna basi asubuhi. Nilikwenda mwaka 2022. Miaka sita nilijipa udhuru: jicho, mvua, korosho, nauli. Nilikuwa nimeshindwa kunyanyua mdomo nikiwa na miaka 21 na nilishindwa tena nikiwa na 60. Dada ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Kaka, na yeye ni damu ya bibi. Amepimwa?" Hilo lilikuwa halijanipitia akilini. Nilikuwa nawaza msamaha. Yeye aliwaza jicho.

Tulimkuta chini ya mwembe, mzee wa miaka sabini na ushee, anabangua korosho za kula nyumbani. "Shikamoo kaka," nilisema. Aliitikia marahaba kabla hajajua ni nani, kisha sauti akaitambua, maana sauti yangu ni ya baba. Hakusimama. Aligonga kwa kiganja benchi alilokalia, nikaribie.

Mimi siku hizi nina kawaida yangu. Mtu nikitaka kumwona nikizungumza naye, lazima awe kulia kwangu. Kwa hiyo nilizunguka benchi nikakaa kushoto kwake. Akanyanyuka kidogo, kana kwamba kimemchoma kitu, akahamia kushoto kwangu. Nikadhani ananikwepa, na nikakubali kwamba ana haki. Nikanyanyuka, nikazunguka tena. Naye akanyanyuka. Tulizungukana pale benchi kama watoto wanaogombea kivuli, wazee wawili, hakuna anayesema kwa nini, hadi mjukuu wake akaanza kucheka.

Dada yangu hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni anatutazama, mkono mdomoni.

"Kaka," alimwambia, "upande wako wa kushoto unauonaje?"

"Naona vizuri," alisema. "Macho yangu hayana kitu. Natunga uzi."

Niliburuta kigoda kutoka mlangoni, nikakaa mbele yake, uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. Nikamwomba anitazame puani asihamishe macho. Nikainua mkono wangu upande wake wa kushoto, nikachezesha vidole, nikausogeza taratibu kuja katikati, na mwenyewe nikasubiri aniambie ameuona.

Mkono ulifika karibu na sikio langu.

"Bado," alisema. "Inua basi."